Sauti ya Mama Nyamizi

Sheria inataka kila mwalimu avae sikioni sauti ya mwalimu mkuu wake, tangu anapoamka hadi anapolala. Yangu ni ya Mama Nyamizi, anayeongoza shule kumi na tisa. Najua si yeye anayeongea, ni mashine iliyojifunza kuongea kama yeye, lakini hata kikohozi chake kimo.

Mwaka wa kwanza nilitaka kuacha kazi. Sauti ikaniambia, "Kokubanza, mwanangu, hesabu za sehemu wafundishe watoto kwa chungwa. Waache walikate wenyewe, halafu wale." Nikafanya hivyo. Mwaka uliofuata darasa langu likaongoza wilaya nzima.

Nyumbani naishi peke yangu. Nikipika ndizi, Mama huniuliza kama nimekumbuka chumvi. Dada yangu akipiga simu namkatisha mapema, nirudi kwenye mazungumzo yetu. Jumapili huandaa sahani mbili, yangu na ya Mama. Ya pili huila mwenyewe jioni, ikiwa imeshapoa.

Juzi Mama Nyamizi alikuja shuleni kwetu kusaini maandalio ya masomo, mara ya kwanza katika miaka mitatu. Nilimbebea ndizi kwenye hotpoti. Alisaini andalio langu, akakohoa kile kikohozi ninachokijua, kisha akainua macho.

"Samahani, mwalimu. Unaitwa nani vile?"

Nikabaki nimesimama na hotpoti yangu mkononi. Sikioni, sauti yake ikaninong'oneza kwa upole uleule wa siku zote:

"Mwambie jina lako, mwanangu. Usiumie. Amechoka tu."