Kinywa cha Mama Sato

Basi ziwa moja lilianza kuishiwa samaki, na wakazi wake wakakubaliana kwamba ghuba ya mazalia ifungwe, asile yeyote humo mpaka vifaranga wakue. Kenge na Korongo wakawekwa walinzi, maana ndio waliopiga kelele kuliko wote kikaoni.

Asubuhi moja Kenge akapiga yowe. "Mwizi! Mama Sato anakula watoto wa wenzake!"

Wakaja mbio. Kweli, samaki huyo alikuwa katikati ya ghuba, mashavu yamemtuna, kimkia kikichungulia mdomoni.

Kiboko, mwenyekiti, mla majani, akapigwa na butwaa. "Salaale! Hata wewe? Sema basi!"

Sato akatikisa kichwa.

"Aseme nini, na ushahidi uko mdomoni?" Korongo alifoka. "Afukuzwe!"

Walipomzingira, Sato akafungua kinywa. Vifaranga wakamiminika majini, wote wazima.

"Ni wanangu," alisema. "Nawaficha humu wasiliwe."

"Wasiliwe na nani, na ghuba ina walinzi?" Kiboko aliuliza.

Akawageukia walinzi wamuunge mkono. Korongo alikuwa anameza. Kenge alikuwa amebana mdomo, na pembeni mwa mdomo huo kimkia kilikuwa bado kinacheza.