Mkono Uliochomoka

Geti la kiwanda cha korosho lilipofunguliwa, wanawake arobaini walificha mikono ndani ya kanga. Somoe ndiye aliyewashawishi. Mwezi mzima alikuwa akimchunguza nyapara Lukindo: mikono ya kuomba kazi ikiinuka mingi, anashusha malipo ya siku, ikiwa michache, anapandisha. Leo hauinuki hata mmoja mpaka atamke elfu saba.

"Elfu nne," alisema Lukindo.

Mikono ikabaki ndani ya kanga.

"Kumbe mmeshiba! Haya, elfu tano."

Mwajabu, mmoja wa wale arobaini, alibana mikono kifuani. Nyumbani alibakiwa na unga wa mlo mmoja, na mwanawe Tausi, aliyembeba mgongoni, alikuwa ameshaamka.

"Elfu tano na nusu. Nikifunga geti nimefunga. Nani?"

Mkono mdogo ukachomoka kwenye mbeleko, ukapunga hewani.

Lukindo aliangua kicheko. "Mama Tausi! Mwanao amekuzidi akili. Pita, mama, pita."

Wote walimgeukia Mwajabu. Geti lilikuwa hatua tatu tu mbele yake. Mwajabu aliyahisi macho ya Somoe kisogoni.

"Huyu hajajua kuhesabu, bosi," alisema. "Anataka kunyonya tu."

Mmoja akacheka, kisha wengine. Lukindo hakucheka tena. Alitazama saa, akalitazama lori lililokuwa likisubiri mzigo.

Mwajabu alipeleka mkono nyuma ili aurudishe ule mdogo ndani ya mbeleko. Vidole vya mtoto vikakikamata kidole chake, vikakibana kwa nguvu, na Lukindo akafungua kinywa apandishe tena.