Hata Akija Kupiga Magoti

Wakili wa tatu alilazimika kutoa kitambaa chake mwenyewe, maana karatasi za kujifutia machozi zilikuwa zimekwisha. Mwanamke alikipokea, akajifuta, akasimulia yote tangu mwanzo. Mwishowe akasema atarudi, kama alivyowaambia wakili wa kwanza na wa pili, na hakurudi.

Mji wenyewe ni wa mawakili wa kuhesabika. Mmoja ana ofisi juu ya duka la viatu, mwingine nyuma ya duka la dawa, na huyo wa tatu amepanga chumba kwa fundi saa. Ukiwamaliza hao, inabaki ofisi ya msaada wa kisheria karibu na mahakama, ambayo haitozi kitu. Wakili wa mbali atakuja ukimwita, lakini huyo utamlipia kazi, nauli, chakula na kitanda, na kesi ikiahirishwa unaanza upya. Wenye uwezo huo hawaishi mji huu.

Ofisi ya bure ndiyo aliyoingia Jumatatu asubuhi, akakaa kwenye benchi pamoja na wenzake wenye nyuso za kukosa usingizi.

Aliyempokea ni mama wa makamo ambaye mji mzima unamwita Mama Wakili. Chumba chake kidogo, kabati la mafaili limeziba nusu ya dirisha, na mlango haufungiki mpaka uegemezwe kiti. Mwanamke aliuegemeza mwenyewe.

"Karibu, mwanangu. Jisikie uko nyumbani."

"Nyumbani ndiko kwenye tatizo, mama."

Akasimulia. Nyumba ambayo mtu hatoki bila ruhusa. Simu inayopekuliwa kila jioni. Ndugu waliokatazwa kuja kusalimia mpaka wakazoea kutokuja. Watoto wawili waliojua kunyamaza kabla ya kujua kusoma. Alieleza vizuri mno jinsi mtu anavyofungiwa kidogo kidogo, leo rafiki huyu, kesho kazi ile, hadi siku anashtuka hana hata wa kumlalamikia. Mama Wakili amesikia mengi kwenye kiti kile, lakini siku hiyo aliacha kuandika, akaiweka kalamu chini.

"Mumeo anafanya kazi gani?"

"Aliacha. Siku hizi yuko nyumbani tu."

"Kutwa nzima?"

"Kutwa nzima, mama. Hana pa kwenda."

Mama Wakili akatikisa kichwa. Wanaume wa kushinda nyumbani aliwajua, na hakuwa na hamu nao. Akaanza kumtajia njia za kutokea. Mahakama haimlazimishi mtu kubaki kwenye ndoa ya mateso. Watoto hawagawanywi kama vyombo vya jikoni. Hakimu hutazama kwanza wapi watakuwa salama. Ipo pia amri ya kumzuia mtu asikusogelee, na hiyo hupatikana mapema, kesi ikiwa bado changa. Mwanamke alisikiliza kwa makini, akauliza kila njia inaanzia wapi na nani huianzisha.

"Na asiye na wakili je?"

"Anaruhusiwa kujisimamia. Ila nisikudanganye, mwanangu. Kwenye kugombea watoto, asiye na wakili humezwa mzima mzima."

Mwanamke akautazama mlango kama mtu anayesikia hatua.

"Sasa yeye akija hapa kabla sijarudi? Ana maneno yale ya kutia huruma. Akilia mbele yenu, mtamsaidia."

Mama Wakili akamshika mikono yote miwili.

"Nisikilize. Tangu ulipofungua mdomo, siri zako nimezibeba mimi. Ulipe usilipe, urudi usirudi, siwezi tena kusimama upande wa mumeo. Hata akija kupiga magoti nitamwambia samahani, na sababu sitamwambia. Ndiyo kanuni yetu sisi mawakili, popote utakapokwenda."

"Na yule kaka wakili mwenye meza pale nje?"

"Naye vilevile. Ukisema na mmoja, umesema na ofisi nzima."

Mabega ya mwanamke yakashuka. Kwa mara ya kwanza asubuhi ile akatabasamu, tabasamu zuri la mtu aliyetua mzigo, na Mama Wakili akafurahi kuliko siku anazoshinda kesi.

"Basi tufungue shauri leo hii?"

"Ngoja kwanza nifikirie, mama. Nitarudi."

Jibu hilo Mama Wakili alilijua. Wangapi wamelitoa wakiwa wamesimama palepale, kisha wakarudi kulekule walikotoka! Akamsindikiza hadi barabarani roho ikimuuma, akamwombea kwa Mungu kimoyomoyo, akabaki amesimama mpaka alipopotea kwenye kona.

Mwanamke alishuka mtaa wa maseremala, akapita karakana zenye kelele za misumeno bila kumsalimia mtu. Alipofika nyumbani kwake alisimama kidogo, akaweka sawa mtandio wake, akajipangusa uso. Ndani kulikuwa kimya.

Akatoa ufunguo kwenye pochi, akafungua kufuli lililoning'inia mlangoni, akaingia.

Watoto walijibanza nyuma ya baba yao. Mume aliinuka taratibu kwenye kochi, mkono mmoja umeshika mbavu.

"Si ulisema unataka talaka?" mwanamke akamwuliza kwa upole, akiuacha mlango wazi nyuma yake. "Haya, nenda. Chagua wakili yeyote umtakaye."