Robo Mzunguko

“Mtiririko?”

“Tano!” Mjomba alijibu kwa sauti, ingawa sindano ya geji ya maji mbele ya macho yake ilisimama kwenye saba.

Upande wa pili wa kioo, mpwa wake aliandika tano kwenye daftari, akarudisha macho kwenye bomba. Lilikuwa jembamba, refu kama mkono, limezungushiwa waya wa umeme na kuachiwa kidirisha katikati. Ndani yake maji yalikimbia. Viputo vya mvuke vilizaliwa juu ya chuma cha moto, vikabanduka, vikachukuliwa na maji.

Aliongeza umeme. Akangoja. Akaongeza tena. Kisha akatupa kalamu.

“Limekataa! Limekataa tena!”

Mjomba alikuwa fundi wa pampu kwenye maabara ile kwa miaka ishirini na miwili. Mambo ya vitabuni hakuyajua, lakini hili la viputo binti alimweleza siku ya kwanza, akalielewa.

“Kiputo kikibanduka, Mjomba, kinaondoka na joto, maji ya baridi yanaingia mahali pake. Lakini vikizidi, vinashikana. Vinakuwa blanketi la mvuke. Maji hayagusi tena chuma, na bomba linaungua.”

“Mungu apishie mbali!”

Binti alicheka. Mjomba hakuona cha kuchekesha. Kwake bomba lililoungua ni aibu ya fundi, na katika miaka yote hiyo hakuwahi kuunguza hata moja.

Kwenye jaribio la kwanza kabisa, sindano ya joto ilipaa ghafla. Viputo vilinenepa, vikaanza kushikana. Binti aliruka kutoka kitini, mikono kichwani. “Bado! Bado kidogo tu!”

Mjomba alisikia kilio cha mtoto wa dada yake. Mkono ukaifungua vali ya maji robo mzunguko kabla hajafikiri. Maji yakaongeza kasi, viputo vikatawanyika, joto likashuka. Alipoulizwa mtiririko, akataja ule ule aliopangiwa. Kwa nini amwongezee mtoto mawazo?

Tangu siku hiyo aliliokoa bomba kila jaribio, na kila jaribio binti alitoka amenuna. Mjomba akaona robo haitoshi, akafungua nusu. Bomba likameta kama limetoka dukani jana. Binti akakonda. Alibadilisha hita, akabadilisha waya, akabadilisha vipimajoto vyote sita.

“Mjomba, hiyo geji yako ni nzima kweli?”

“Nzima kuliko magoti yangu.”

Hilo halikuwa uongo. Lakini jambo moja lilimkera: anafanya kila awezalo, na sura ya mtoto haifunguki. Dada yake naye hakumpa nafasi ya kupumua kwenye simu.

“Mwanangu anamaliza lini masomo? Wewe si uko naye hapo hapo? Msaidie basi!”

“Namsaidia, dada. Namsaidia kuliko unavyojua.”

Mwezi wa tano wa majaribio ulipokwisha, Profesa aliyemsimamia binti alikuja mwenyewe saa nne asubuhi, akasimama mikono kifuani.

“Nimekuomba namba moja. Moja! Mtoto wa chekechea ana kumi. Leo ukishindwa, mtambo nampa mwenzako, na wewe unarudi nyumbani.”

Binti aliwasha umeme.

Mjomba aliyasikia yote. Leo hakungoja sindano ipande. Aliishika vali kwa mikono miwili, akaifungua hadi mwisho.

“Mtiririko?”

“Tano!”

Umeme ulipanda. Viputo vilitoka vidogo kama punje za mtama, vikabanduka mbio, kimoja hakikugusa kingine. Umeme ukapanda tena, na tena, hadi swichi ikagoma kuzunguka. Hapakuwa na zaidi ya hapo. Sindano ya joto ilikaa palepale.

Profesa alitazama saa, akafunga faili, akatoka bila kuaga.

Mjomba alitoka chumba cha pampu mbio, magoti na yote, huku akifuta mikono kwenye ovaroli.

“Hongera, binti! Umeme wote umekwisha, na bomba halina hata alama! Huyo Profesa ameondoka na aibu zake. Mpigie mama yako sasa hivi!”

Binti alikuwa amekaa sakafuni, mgongo ukutani, daftari mapajani.

“Namba anayoitaka Profesa ni kiasi cha umeme kinacholiunguza,” alisema. “Nilihitaji liungue, Mjomba. Mara moja tu.”