Mama Alishafariki

"Mama yako yuko wapi?"

"Mama..." Msichana akaangalia chini. "Mama alisha..."

"Kata," Mwalimu akasema. "Tunaanza upya."

Kamera akabonyeza kitufe na kushusha pumzi. Jina lake halisi lilishasahaulika pale ofisini. Alikuwa Kamera tu, kwa kuwa ndiye aliyewarekodi wasichana wote waliopelekwa na wakala ule kufanya kazi za ndani ng'ambo. Mwalimu aliwafundisha majibu. Jibu lililowashinda wengi lilikuwa hilo la mama. Waajiri walikuwa wamechoka na wafanyakazi wanaovunja mkataba na kurudi kwao mbio kila wakipigiwa simu kwamba mzazi kazidiwa, na siku hizi hawakutaka kabisa mtu mwenye mgonjwa nyumbani. Kwa hiyo, mbele ya kamera, wazazi wagonjwa walikufa. Kamera alizoea kutania kwamba amezika watu wengi kuliko mchimba makaburi, na sepetu hajawahi kuishika.

Leo utani ulimkauka mdomoni. Msichana huyu alikuwa amekataliwa na waajiri wawili kwa sababu ya jibu hilohilo, na wa mchana huu alikuwa wa mwisho. Akishindwa, ofisi ingemwondoa.

Alikuwa mpole, hana makuu. Kila asubuhi alifika na chupa ya maji ya moto, akammiminia Mwalimu kabla hajavua hata kandambili zake. Kamera aliona anajipendekeza, na hakumlaumu. Kilichomuudhi ni kwamba Mwalimu aliyanywa kidogokidogo, mkono mmoja ubavuni, asiseme hata asante. Wasichana wengine aliwatania na kuwaita wanangu. Huyu hakumpa hata tabasamu.

Labda Mwalimu alikuwa na wa kwake aliyetaka kumwingiza, Kamera aliwaza. Lakini hilo lisingewezekana. Yeye mwenyewe alimleta binamu yake mwaka jana akarudishwa mlangoni, maana ndugu wa wafanyakazi hawakupokelewa.

"Rudia. Usiangalie chini, watajua."

"Siwezi, Mwalimu."

"Utaweza. Ameshafukiwa. Umetoka makaburini, umenawa mikono, umerudi kazini. Sema."

Machozi yakamlengalenga msichana. Kamera uvumilivu ukamwisha.

"Mwalimu, mwonee huruma basi. Mama yake anaumwa kweli, alijieleza mwenyewe siku ya kwanza. Unamtonesha kidonda tu."

"Wewe mama yake unamjua?"

"Simjui."

"Basi shika kamera yako."

Akaishika, lakini moyoni alimchukia mwanamke yule mwenye roho ngumu. Mama yake Kamera alikuwa hai, na tangu aanze kazi hii alimpigia simu kila jioni, hata kama ni kumsikia akigomba tu.

Mchana mwajiri akatokea kwenye skrini, mwanamume mwenye macho ya kukosa usingizi. Alitafuta mtu wa kumtunza mama yake aliyepooza. Mwalimu alivuta kiti akakaa nyuma kidogo ya kamera, jasho likimtoka usoni ingawa feni ilikuwa inazunguka.

"Unajua kumwinua mgonjwa?" mwajiri akauliza.

"Ndiyo. Unapitisha mkono mgongoni kwake, unasubiri avute pumzi, ndiyo unamwinua. Ukiharakisha unamuumiza."

"Hayo umejifunzia wapi?"

"Kwa mama yangu."

"Yuko wapi sasa?"

Msichana akainua uso. Hakuitazama skrini. Alimtazama Mwalimu, moja kwa moja, bila kupepesa.

"Mama alishafariki," akasema. "Tulimzika vizuri. Sina tena wa kunirudisha nyumbani."

Mwajiri akampa pole, kisha akampa kazi. Safari ilikuwa wiki hiyohiyo.

Kamera alipomaliza kukunja nyaya, chumba kilikuwa kitupu na chupa ya maji ya moto ilikuwa imesahauliwa mezani. Akaichukua na kushuka nayo haraka. Alitaka amwahi msichana, ampongeze, na amwambie kwamba Mwalimu hakustahili hata tone la maji yale.

Kwenye kona ya ngazi akasimama ghafla.

Mwalimu alikuwa ameketi kwenye ngazi, ameegemea ukuta, miguu imekataa. Msichana alikuwa amepiga magoti mbele yake. Alipitisha mkono mgongoni kwake, akasubiri avute pumzi, ndipo akamwinua taratibu.

"Umenizika vizuri, mwanangu," Mwalimu akasema. "Haya, twende nyumbani."