Mlinzi Aliyefukuzwa

Alama ya intaneti kwenye kompyuta iliwaka vizuri, lakini hakuna ukurasa hata mmoja uliofunguka. Cubaka, fundi wa kompyuta, aliitazama kidogo tu, akajua ugonjwa. Alivuta kiti, akakaa, akaanza kubonyezabonyeza kama mtu anayehangaika.

Nje, uani kwa mzee Sebastiani, mtaa wa Musinzira, wageni walikwisha kukaa chini ya turubai. Upande mmoja ukoo wa Donatien, mwenye maduka ya vitenge mjini Gitega. Upande wa pili ukoo wa Kasilda, binti anayeposwa. Katikati lilitundikwa shuka jeupe, ambapo baba yake Kasilda alipaswa kuonekana kutoka Kanada na kuwaambia watu kama binti yake anatolewa au hatolewi.

Sebastiani, baba mdogo wa Kasilda, alieleza yaliyotokea. Jana aliogopa virusi visije vikala picha za sherehe, akaondoa antivirusi ya zamani na kuweka mpya. Tangu hapo intaneti imekatika. Wamejaribu simu za mkononi, lakini picha haipiti na sauti inakatikakatika.

"Mimi nilitaka fundi wa hapa hapa," akasema bila kumtazama usoni. "Kasilda ndiye aliyeng'ang'ania uletwe wewe kutoka Muyinga."

Hapo ndipo damu ya Cubaka ilipochemka. Mwaka jana alisimama katika ua huu huu kumwomba Kasilda, na Sebastiani akamcheka mbele ya watu: mkimbizi wa Kivu mwenye bisibisi mfukoni, atamlisha mke nini? Kasilda alikuwa mlangoni, akasikia yote, hakufungua mdomo. Cubaka alihamia Muyinga na aibu yake. Kabla basi halijaondoka aliifungia namba ya msichana yule kwenye simu, asije akasikia tena sauti yake, kisha akakaa kumchukia kwa bidii. Na leo, katika mafundi wote wa Burundi, amemtaka yeye aje kumwashia shuka la kuolewa kwake. Kweli watu wengine hawana haya.

Kasilda alipita ukumbini, amekwisha kuvaa. Shangazi Melania alimfuata nyuma, hamwachi hata hatua moja. Msichana alisimama kwenye kompyuta kana kwamba anatengeneza kilemba.

"Cubaka, fanya Baba aonekane. Nakuomba sana."

"Niko naangalia," akajibu, na akafurahi kumsikia akimbembeleza. Sasa na yeye aonje.

Dawa ilikuwa nyepesi. Antivirusi ya zamani ilifukuzwa nusunusu. Mlinzi wake alibaki mlangoni anazuia kila anayepita, na yule mpya naye akaja kusimama palepale. Ni kumalizia kuifuta ya zamani, kuzima kompyuta na kuiwasha, basi. Cubaka alimwacha mlinzi wa zamani alipo. Akaingia kwenye antivirusi mpya, akaiamuru izuie kila kitu. Halafu akachomoa nyaya, akazipuliza vumbi, akazichomeka tena, akatikisa kichwa kwa huzuni ya kutosha.

Katika ukoo wake, kule Walungu, Kivu, posa isiyo na sauti ya baba huahirishwa, na wageni hurudi na vyao. Alimwona tayari Donatien akipandisha kreti zake za bia kwenye gari, majirani wamejaa barabarani wanacheka. Leo achekwe Donatien, kama alivyochekwa yeye. Cubaka aliusikia utamu wa jambo hilo mpaka kooni.

"Mzee, laini ilikufa," akatangaza. "Leo haiwezekane."

Sebastiani hakukasirika. Alifunga kifungo cha koti, akatoka uani, akasimama mbele ya lile shuka tupu.

"Kaka yangu hayupo," akasema kwa sauti kubwa. "Baba asipokuwepo, hapa kwetu baba mdogo ndiye baba. Donatien, binti tumekupa."

Vigelegele vikapaa. Cubaka alibaki na waya mkononi, hajui auweke wapi. Aliinama upesi kwenye kompyuta, akaanza kuondoa yale aliyoyafunga. Nje ngoma zilikuwa zimeanza.

Kasilda aliletwa ukumbini ili atolewe kwa wakwe. Melania alitangulia, akipiga vigelegele. Msichana alichelewa nyuma yake kidogo, akainama karibu na sikio la fundi.

"Ulinifungia simu, ningekwambiaje?" akanong'ona. "Leo Baba angemkataa Donatien mbele ya watu wote. Angetaja jina lako."