Nyota Moja ya Sidanganyiki

"Mwizi gani anafungua kufuli la sonara kwa pini ya nywele? Mwandishi huyu hajawahi kukanyaga duka la dhahabu. Nyota moja."

Wino aliyasoma maneno hayo mara tatu, amesimama nyuma ya kabati la vioo, katika duka la dhahabu alilofanyia kazi mwaka wa sita sasa.

"Hereni hizi bei gani?" mteja aliuliza.

"Hajawahi kukanyaga!" alijibu Wino. Mteja akarudi nyuma hatua moja.

Duka lilikuwa la mjomba wake, sonara, na ndiye aliyembandika jina la Wino kwa ajili ya madoa ya kalamu yasiyomtoka vidoleni. Kila wateja walipoadimika, aliandika. Miaka miwili ikazaa riwaya ya wizi, naye akaiweka mwenyewe kwenye jukwaa la vitabu mtandaoni, bila mchapishaji wala mtu wa kumshika mkono. Mjomba alimpa baraka zake, na sharti moja.

"Andika utakavyo, mwanangu, ila duka langu usilitie humo."

Hiyo ndiyo sababu ya ile pini ya nywele.

Jukwaa nalo lilikuwa na sheria zake. Kitabu chenye wastani wa nyota nne kiliwekwa mbele, watu wakakiona. Kilichopungukiwa kilizikwa chini kabisa, ambako hata mwenyewe angekitafuta kwa tochi. Wino alikuwa na maoni matano tu. Nyota moja ya huyo aliyejiita Sidanganyiki ilitosha kumzamisha.

Ndugu hawakumsaidia. Dada yake alikimaliza kitabu kwa siku mbili.

"Kitamu hicho! Mboga zimeungulia jikoni kwa ajili yako."

"Basi kaandike hivyo, dada. Mistari miwili tu."

"Si nimeshakwambia wewe?"

"Mimi ndiye mwandishi! Waambie wengine!"

"Haya, kesho."

Kesho ya dada haikuwa na tarehe.

Uzuri wa kujichapishia ni kwamba kitabu hakikauki. Sura yoyote unaifungua na kuirekebisha. Wino akaitupa pini ya nywele, akaweka funguo bandia. Wiki haikuisha, Sidanganyiki akarudi: "Afadhali. Lakini kengele je? Sonara asiye na kengele ni wa hadithi za watoto. Na mtaa wenyewe umechorwa hewani. Nyota mbili."

Akatia kengele. Nyota zikabaki mbili zilezile. "Kengele ya kubuni. Mwandishi anabahatisha."

Wino akaanza kumshuku mjomba. Nani mwingine angejua mambo ya makufuli kiasi hicho? Tena siku hizi mzee alikuwa akichekacheka na simu yake kila akiweka nyundo chini.

"Mjomba, niambie kweli. Wewe ndiye Sidanganyiki?"

"Nisidanganyike na nani tena?" Mzee aliondoa kioo cha kukuzia jichoni. "Mimi picha za wajukuu tu ndizo ninazoziweza. Hata ujumbe wa mke wangu nasomewa."

"Kuna mtu ananitia vidole machoni, mjomba. Kitabu changu kinakufa."

"Achana naye. Kelele za chura hazimzuii ng'ombe kunywa maji."

Lakini ng'ombe huyu maji hayakumpita kooni. Mwezi mzima haikuuzwa hata nakala moja. Siku moja uvumilivu ukamwishia, akamjibu Sidanganyiki palepale jukwaani, mbele ya watu: "Kwa taarifa yako, nafanya kazi kwa sonara mwaka wa sita sasa!"

Jibu lilikuja kabla hajaiweka simu mezani. "Basi andika unachokijua."

Maneno hayo yalimchoma, kwa sababu yalikuwa ya kweli.

Jumamosi wakati wa chakula cha mchana, mjomba akisinzia kitini, Wino aliifungua sura ya saba akaiandika upya kwa hasira. Safari hii hakubuni kitu. Aliuandika mtaa wenyewe na fundi viatu wa pembeni, ngazi tatu zilizomeguka za mlango wa uani, kufuli la pili lisilokubali mpaka ulisukume kushoto, waya wa kengele unaopita nyuma ya kalenda, na Jumapili ambazo sonara hushinda kwa wajukuu zake. Alijua anavunja ahadi. Alijiambia kwamba ni sura moja tu, na mjomba si msomaji. Akabonyeza kuchapisha. Hakuwa amewahi kuandika sura nzuri kama ile, na hilo pia alilijua.

Jumapili jioni alikuwa kwa dada yake wakimenya viazi, simu ikalia. Sidanganyiki. Wino akaikodolea macho, akashindwa kuifungua. Dada akampokonya.

"Tano!" dada alipiga kelele. "Nyota tano, mdogo wangu!"

Wino aliruka, beseni likapinduka, viazi vikatawanyika sakafuni. Alicheka, akalia, akamkumbatia dada na kisu chake mkononi. Miezi yote ile ya kuzikwa! Sasa kitabu kitapanda, watu watakiona.

"Soma, dada. Kwa sauti. Usiruke hata neno."

Dada akasafisha koo kama mtangazaji.

"'Sasa mwandishi anaijua kazi. Ngazi tatu, kufuli la kusukuma kushoto, waya nyuma ya kalenda: vyote nimevikuta leo mchana, palepale alipoviandika.'"